Mawasiliano ya Gari Yakikatika: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kutafuta Tatizo

Kitufe cha SOS, cha kuomba msaada wa dharura, kilichopo darini mwa gari kinaweza kukaa miaka minane bila kuguswa na mtu. Siku kikihitajika, kila kilicho nyuma yake lazima kiwe kizima: fyuzi, betri ya akiba, antena, laini, mnara na seva ya huduma. Breki zikichakaa hupiga kelele. Mawasiliano yakikatika, gari huendelea kutembea vizuri tu, na mwenyewe huja kugundua siku programu ya simu inapokataa kufungua milango au, vibaya zaidi, siku ya ajali.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Magari mengi niliyoletewa kwa maelezo kwamba "boksi limekufa", yaani kifaa kinacholiunganisha gari na mtandao wa simu, yalikuwa na boksi zima. Kilichokufa kilikuwa betri, au soketi ya antena, au akaunti iliyobaki kwa jina la mwenye gari wa zamani, au mtandao wenyewe ambao kampuni ya simu ilishauzima. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nje na kuingia ndani, na boksi ndilo la mwisho kulaumiwa. Ni kifaa ghali, na ukifunga jipya bila kupata chanzo, dalili ileile hurudi.

Kwanza ujue mfumo wenyewe

Boksi la mawasiliano hukaa nyuma ya dashibodi, chini ya kiti, chini ya paa au kwenye buti, kutegemea gari. Ndani yake kuna modemu ya simu (kifaa kinachowasiliana na minara), laini (SIM) ambayo mara nyingi imelehemiwa kwenye bodi, kipokezi cha GPS, na betri ndogo ya akiba inayoliwezesha kupiga simu hata betri kubwa ikikatika katika ajali. Kutoka hapo waya zinakwenda kwenye antena ya paani (kile kipande chenye umbo la pezi la papa), kwenye maikrofoni, spika na kitufe cha SOS, na kwenye mtandao wa ndani wa gari unaoleta habari za milango, injini na mifuko ya hewa.

Hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo. Simu yako ikiunganishwa na gari kwa Bluetooth, ukapiga simu kupitia vitufe vya usukani, laini inayotumika ni ya simu yako. Kitufe cha SOS, programu ya kuwasha gari ukiwa mbali na Wi-Fi ya gari hutumia laini ya gari. Kwa hiyo jambo la kwanza kujua ni laini ipi iliyokataa. Zima Bluetooth kwenye simu yako kisha jaribu tena kile kilicholeta shida. Kama huduma inakataa vilevile, upo kwenye mada hii. Kama imepona, au haina maana bila Bluetooth, tatizo lipo kati ya simu yako na redio ya gari.

Onyo moja kabla hatujaendelea: usibonyeze SOS kwa majaribio. Kitufe hicho hupiga simu kweli, kwa watu wanaoshughulikia ajali kweli. Ukikibonyeza kwa bahati mbaya na simu ikaunganika, usikimbie. Subiri mhudumu ajibu, mweleze kwamba ni makosa na kwamba hakuna aliyeumia. Ukikaa kimya, huenda wakatuma gari la wagonjwa.

Hatua nne za kuanzia, dalili iwe yoyote

Toa gari nje, mahali penye anga wazi. Maegesho ya chini ya ardhi, banda la mabati na ghorofa za zege huziba mawimbi ya simu na ya GPS, na gari lililolala humo siku nzima huonekana bovu wakati halina ubovu.

Pima betri kubwa, ile ya volti 12, kwa mita, injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Volti 12.6 hivi ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu hivi. Chini ya 12 imekwisha. Washa injini upime tena: altaneta (mashine inayochaji betri) nzima kwenye magari mengi hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5, ingawa magari ya kisasa yenye altaneta inayoongozwa na kompyuta hupanda na kushuka. Gari la umeme nalo lina betri ya volti 12 inayolisha boksi hili, na nimeona wenye magari hayo wakiisahau kabisa kwa kuwa betri ya kuendeshea gari inaonyesha asilimia 80.

Jiulize nini kimebadilika wiki za karibuni. Betri mpya? Kioo cha mbele kipya? Rangi ya paa? Kamera ya barabarani, alamu au kifuatiliaji kilichofungwa na mtu mwingine? Gari limenunuliwa kwa mtu? Swali hili peke yake limenipunguzia saa nyingi za kutafuta.

Mwisho, zima na uwashe upya. Magari mengi huwasha skrini upya kwa kushikilia kitufe cha sauti au cha kuwasha kwa sekunde 10 au zaidi. Kisha zima gari, funga milango, peleka ufunguo mbali nalo, uliache kama nusu saa ili kompyuta zake zote zilale. Likiamka, boksi hujisajili kwenye mnara upya.

Dalili: Taa ya SOS ni nyekundu, au ujumbe unasema mfumo wa dharura una hitilafu

Kwenye magari mengi taa ya kitufe hiki hujipima unapowasha gari: huwaka sekunde chache kisha huzimika au hubaki kijani. Ikibaki nyekundu au isiwake kabisa, soma ujumbe wa kwenye dashi kabla ya kitu kingine.

Chanzo ninachokutana nacho zaidi kwenye magari yenye umri wa miaka kadhaa ni betri ndogo ya akiba iliyochoka. Alama yake ni kwamba mengine yote yanafanya kazi: programu ya simu inaona gari, ramani inapata mahali, lakini ujumbe wa hitilafu ya SOS hauondoki. Boksi hujipima lenyewe, likiona betri hiyo haiwezi tena kubeba simu ya dharura, linakuambia. Katika baadhi ya magari betri hii hubadilishwa peke yake, katika mengine imo ndani ya boksi. Tumia ya aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usiitoboe, usiichaji kwa chaja ya kawaida, na ukiikuta imevimba usiendelee kuishika. Mpe fundi mwenye vifaa.

Kinachofuata ni umeme mdogo. Betri kubwa ikishuka sana, kompyuta ya gari huzima vitu isivyovihitaji kuwasha injini, na ujumbe wa SOS unaweza kutokea kwa siku moja kisha ukapotea. Ichaji betri ijae kabla ya kutafuta ubovu mwingine.

Halafu fyuzi. Tafuta kwenye kitabu cha gari fyuzi ya mfumo wa mawasiliano. Ipime pande zote mbili kwa mita badala ya kuitazama kwa macho, maana fyuzi inaweza kuonekana nzima huku imekatika kwenye mguu. Ikiwa imeungua, weka mpya ya ampea zilezile mara moja tu. Ikiungua tena, kuna waya unagusana mahali, na hapo acha. Kuongeza ampea ili fyuzi "ivumilie" ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya.

Baada ya hayo ndiyo uende kwenye antena, maikrofoni na kitufe chenyewe, kwa sababu boksi hupima na hivyo pia. Mashine ya kusoma hitilafu itakuambia ni kipi kwa haraka kuliko kufungua dari. Hitilafu huja kwa kodi, yaani alama ya herufi na namba. Kodi ya U0198 maana yake kompyuta nyingine za gari zimepoteza mawasiliano na boksi hili: angalia umeme wake, waya wake hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari na soketi zake. Kodi zinazotaja saketi ya antena kuwa wazi au imeshoti hukupeleka paani moja kwa moja.

Kama gari lilipata ajali au mifuko ya hewa ilifunguka, usianze na lolote kati ya hayo. Magari mengi huhitaji mfumo huo wote ukaguliwe na mtu aliyefundishwa baada ya tukio la namna hiyo, na soketi za njano za mifuko ya hewa ulizozoea kuziona chini ya usukani na viti si za kuchokonoa.

Dalili: Hakuna mtandao kabisa, mahali popote uendapo

Sehemu hii naieleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayokula fedha za watu bure.

Modemu ya gari huundwa kwa mitandao ya wakati wake, na gari huishi kuliko mtandao. Marekani iliruhusu kampuni za simu kuzima mtandao wa analogi tarehe 18 Februari 2008, na magari yenye modemu ya analogi peke yake yakapoteza huduma. AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017, kisha 3G tarehe 22 Februari 2022; Verizon ikazima 3G yake mwishoni mwa mwaka huohuo. Huko Japani, KDDI ilifunga 3G tarehe 31 Machi 2022. Huko Australia, Telstra na Optus zilianza kuzima 3G tarehe 28 Oktoba 2024. Katika kila tarehe hizo kuna magari yaliyolala na huduma na kuamka bila huduma, wala hakuna waya hata mmoja uliokatika.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, tafuta mambo mawili: modemu ya gari lako ni ya kizazi gani, na mtandao huo bado upo hewani ulipo? Kizazi cha modemu hupatikana kwenye menyu ya taarifa za mfumo, au kwa kumpa muuzaji rasmi namba ya chesisi. Kama modemu ni ya 3G pekee na 3G imezimwa, hakuna fyuzi, antena wala programu itakayoirudisha. Linalobaki ni boksi jipya la 4G, kama mtengenezaji analitoa kwa toleo hilo, au kukubali kwamba gari halina huduma hiyo tena. Ukikubali hivyo, waambie wote wanaoliendesha, kwa sababu kitufe cha SOS kitaendelea kuwa pale darini kikionekana kizima.

Kuna hali ya katikati inayopoteza hata mafundi. Gari lina data ya 4G, ramani zinashuka, programu ya simu inafanya kazi, ila kupiga simu ya sauti kunakataa. Modemu nyingine zilitumia 4G kwa data na kuteremka 3G au 2G kila zilipopiga simu. Mitandao hiyo ikizimwa, sauti hufa na data hubaki. Vivyo hivyo mfumo wa dharura wa Ulaya, uliolazimishwa kwa matoleo mapya ya magari kuanzia tarehe 31 Machi 2018, kwa asili yake hupiga simu ya sauti kwenye 2G au 3G na kupenyeza taarifa za ajali ndani ya simu hiyohiyo. Mtu akikuambia "data ipo, basi SOS ipo", usimkubalie haraka.

Chanzo cha pili kwa ukubwa ni gari lililohama nchi. Laini ya ndani ya gari imefungwa kwenye mkataba kati ya mtengenezaji na kampuni za simu za soko lililokusudiwa. Gari likivuka kwenda soko lisilo na mkataba huo, modemu huona minara na kukataliwa, au huwa na masafa ambayo minara ya hapo haiyatumii. Kuitoa laini ile na kuweka ya kawaida mara nyingi haiwezekani, na pale inapowezekana seva ya huduma haitamtambua mgeni huyo. Nimeona bodi zilizoharibiwa kwa jaribio hilo.

Ukishayaondoa hayo mawili, angalia kama huduma imelipiwa na laini haijasimamishwa, kisha antena, kisha boksi.

Dalili: Mtandao upo lakini ni dhaifu au unakatikakatika

Hapa antena ndiyo ya kwanza kushukiwa. Pezi la paani hupasuka kwenye mashine ya kuoshea gari, mpira wake hukauka, na maji huingia taratibu hadi kwenye soketi. Tazama kama kuna unyevu au madoa kwenye kitambaa cha dari karibu na antena. Ukiona, shida ya mtandao ni matokeo tu, na maji yale yatafika kwenye vitu vingine.

Kama dari ilishushwa, kioo kilibadilishwa au paa lilipigwa rangi, tarajia soketi isiyobanwa vizuri au waya wa antena uliokunjwa kona kali. Soketi hizi kwenye magari mengi zina rangi zake: ya bluu ni ya GPS, na yenye rangi ya damu ya mzee ni ya simu. Zitoe na uzirudishe hadi usikie zimebana. Fundi mwenye antena ya majaribio anaweza kuichomeka moja kwa moja kwenye boksi. Mawimbi yakipanda, boksi ni zima na waya au pezi ndilo bovu. Jaribio hili la dakika 5 nalipenda kuliko yote, kwa sababu linamaliza ubishi.

Baada ya hapo angalia vitu vilivyoongezwa. Kamera za barabarani na chaja za bei rahisi hutoa kelele za umeme zinazozima GPS kwanza na mara nyingine hata simu. Chomoa kila kilichoongezwa, pamoja na vifaa vilivyochomekwa kwenye soketi ya kupimia gari, uendeshe siku moja. Karatasi za vioo zenye chembe za chuma nazo huathiri magari ambayo antena yake imo ndani ya kioo.

Waya za antena hupita kwenye nguzo za pembeni na ukingo wa paa, mahali palepale panapolala mifuko ya hewa ya pazia. Kama kuifikia antena kunataka kubandua plastiki za nguzo hizo, kazi hiyo si ya kufanyia nyumbani.

Dalili: Programu ya simu inasema gari halipatikani, au amri inachelewa na kushindwa

Fikiria safari ya amri moja ya "funga milango". Simu yako inaituma kwenye seva ya mtengenezaji kwa intaneti. Seva inatuma ujumbe mfupi wa kuliamsha boksi lililolala. Boksi linaamka, linafungua data, linachukua amri, linaipitisha kwenye kompyuta ya milango, kisha jibu linarudi njia ileile. Ikikatika hatua moja, wewe unaona ujumbe uleule mmoja usiosema kitu.

Anza na upande wako: intaneti ya simu, programu iliyosasishwa, kutoka kwenye akaunti na kuingia tena. Kama mwenzako mwenye gari la aina hiyo naye amekwama saa hiyohiyo, seva ndiyo iliyoanguka, subiri.

Kisha gari. Likikaa siku kadhaa bila kuwashwa, boksi huingia usingizi mzito ili kulinda betri, na haliamki kwa ujumbe. Liwashe kwa ufunguo, liendeshe, na ujaribu tena kesho. Kama huduma inarudi kila unapoendesha na kupotea kila linapolala siku 4 au 5, huenda ndivyo lilivyopangwa. Soma kitabu chake kabla ya kuliita bovu. Betri kubwa iliyochoka huleta usingizi huo mapema zaidi, hata usiku uleule.

Amri kukataliwa si lazima iwe tatizo la mawasiliano. Magari mengi hayatawaka kwa mbali boneti ikiwa wazi, mlango haujafungwa, ufunguo umo ndani au taa ya injini inawaka, na mengi huweka kikomo cha kuwashwa kwa mbali mara chache hadi mtu aliwashe kwa ufunguo. Angalia pia menyu ya faragha: aliyezima ruhusa ya kutuma taarifa za gari amezima na programu.

Kwa gari lililonunuliwa kwa mtu, shuku akaunti kabla ya kitu kingine chochote. Kama halijaondolewa kwenye akaunti ya mwenye zamani, yeye bado anaweza kuona lilipo, na kwenye mifumo mingi anaweza kulifungua. Futa data zote kutoka kwenye menyu ya gari, kisha peleka hati za umiliki kwa mtoa huduma ili alihamishe. Na wewe ukiuza lako, mfanyie mnunuzi hivyo kabla hujampa ufunguo.

Mara chache utakuta saa na tarehe ya gari vimerudi nyuma miaka mingi. Hesabu ya wiki ya GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, mara ya mwisho tarehe 6 Aprili 2019, na vipokezi vya zamani visivyosasishwa husoma tarehe ya uongo. Kipimo cha usalama kati ya boksi na seva hutegemea tarehe, na tarehe ikiwa mbaya seva inaweza kukataa mazungumzo. Dawa yake ni kusasisha programu ya gari.

Dalili: Betri inakwisha gari likiwa limeegeshwa

Boksi linalotafuta mnara usiopatikana halilali. Huongeza nguvu, hutafuta, hupumzika kidogo, hutafuta tena, usiku kucha. Ndiyo maana baadhi ya magari yalianza kumaliza betri baada ya 3G kuzimwa, na wenyewe wakanunua betri mpya moja baada ya nyingine.

Hesabu yake ni hii. Gari lililolala vizuri kwa kawaida huvuta chini ya miliampea 50, sawa na ampea-saa 1.2 kwa siku. Boksi likizuia kompyuta nyingine kulala na mvuto ukafika nusu ampea, unapoteza ampea-saa 12 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 imevuka nusu kabla ya siku ya tatu kwisha.

Lakini anza na betri yenyewe. Ya zamani hufa bila kuibiwa umeme. Ipimwe kwa kifaa cha kupimia betri. Halafu chomoa vifaa vilivyoongezwa. Kisha ndiyo upime mvuto: mita kwenye ngazi ya ampea 10, ikiwa imeungwa kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake, komeo za milango zimefungwa, ufunguo mbali. Subiri. Kompyuta za gari zinaweza kuchukua nusu saa hadi saa nzima kulala, na wengi hukosea kwa kusoma mita dakika ya pili. Usiwashe gari wala kufungua mlango mita ikiwa kwenye njia, utaunguza fyuzi yake.

Mvuto ukibaki juu, toa fyuzi ya boksi la mawasiliano. Ukishuka hapohapo, umempata mhusika. Wengine huishia hapo, wakaiacha fyuzi nje, na ninaelewa kwa nini, hasa kama mtandao wake umekufa. Jua unachokipoteza: SOS haitafanya kazi tena, na katika baadhi ya magari sauti ya maikrofoni na spika za mbele hupita ndani ya boksi hilo, kwa hiyo unaweza kukosa na simu za Bluetooth. Kabla ya kuamua hivyo, muulize mtengenezaji kama kuna sasisho linalolizuia boksi kutafuta mtandao bila kikomo.

Kwenye gari la umeme au mseto, pima upande wa volti 12 tu. Nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme wa volti kubwa, usiziguse, na kama huna uhakika ipi ni ipi, kazi hiyo mwachie aliyefundishwa.

Dalili: Simu inaunganika lakini hamsikilizani

Jaribu kwa Bluetooth. Kama hata huko hawakusikii, na gari linatumia maikrofoni moja kwa yote, shida ni maikrofoni au waya wake. Kabla ya kuibadilisha, geuza matundu ya hewa yasiipulizie na punguza feni. Inashangaza jinsi upepo unavyofunika sauti. Kitobo chake, karibu na taa ya dari, huzibwa na vumbi na dawa za kusafishia.

Kama Bluetooth ni safi na laini ya gari haina sauti, angalia kama gari lina spika ya pekee kwa ajili ya dharura, na kama soketi nyuma ya boksi imechomekwa kikamilifu. Sauti inayokatika vipandevipande ni mtandao dhaifu. Rudi kwenye antena.

Dalili: Ramani au mtoa huduma anaona gari mahali pasipo

Baada ya betri kutolewa au gari kusafirishwa mbali, kipokezi huanza upya, na kupakua orodha nzima ya setilaiti peke yake huchukua dakika 12 na nusu. Liache nje kama robo saa. Likiendelea kukosea, ondoa kamera na chaja, kisha angalia soketi ya bluu. Antena ya GPS kwenye magari mengi hulishwa volti 3 hadi 5 na boksi kupitia waya uleule wa mawimbi. Fundi akikosa volti hizo kwenye soketi ya boksi, kosa ni la boksi, akizipata, kosa ni la waya au antena.

Dalili: Wi-Fi ya gari inaonekana lakini haina intaneti

Karibu kila mara ni kifurushi kilichokwisha. Kifurushi cha Wi-Fi mara nyingi ni tofauti na usajili wa huduma nyingine. Kama kipo, sahau mtandao huo kwenye simu na uungane upya.

Hapa simama, mpigie mtaalamu

Simama taa ya mifuko ya hewa inapowaka pamoja na ya SOS. Simama fyuzi inapoungua mara ya pili, unaponusa plastiki ya kuungua, au unapokuta maji kwenye boksi. Simama pia pale jibu linapokuwa boksi jipya: boksi la gari jingine halihami kama redio, kwa sababu namba zake lazima zisajiliwe kwa mtoa huduma na liandikwe kwenye chesisi ya gari lako kwa mashine ya mtengenezaji. La mitumba mara nyingi bado limefungwa kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Ukienda, mpe fundi maandishi: dalili ilianza lini, gari lilikuwa wapi, volti ulizopima, kodi zilizosomwa, na ulichokwisha kujaribu. Mwombe afute kodi, aendeshe gari, kisha asome tena mbele yako.

Kazi ikiisha, usiondoke na taa ya kijani peke yake. Kama gari lina kitufe cha huduma au cha maelezo, kibonyeze ukiwa nje, mwombe mhudumu akusomee mahali anapokuona na akuambie kama sauti yako inafika safi. Kama gari lako hupiga moja kwa moja namba ya dharura ya umma na halina kitufe hicho, mwombe fundi aendeshe jaribio la ndani kwa mashine yake na akuonyeshe majibu ya antena, maikrofoni, spika na betri ya akiba, kimoja kimoja.